Bani linakula kilo 3,400 za kuni kwa kilo 400 za tumbaku: joto linapitia wapi?

Mkulima_Urambo

Wakuu, habari za saa hizi. Nina swali la hesabu, si la kilimo peke yake.

Bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto, ni la matofali ya kuchoma, urefu mita 5, upana mita 4.5, kimo cha ukuta mita 4.5, unene wa ukuta kama sentimita 22. Juu ni bati tupu, hakuna dari. Tanuru limejengwa nje ya ukuta. Kutoka hapo bomba la chuma la inchi 12 linapita chini moja kwa moja mpaka ukuta wa pili, linatoka na kupanda kama bomba la moshi. Mkupuo mmoja, yaani awamu moja ya kukausha: majani mabichi kilo 2,400 yanaingia, tumbaku kavu kilo 400 inatoka, siku 6 na nusu. Kuni zimepimwa kwa mizani, kilo 3,400. Zilikatwa miezi miwili kabla, ndani bado zina ubichi.

Shuleni tulifundishwa nishati haiumbwi wala haipotei, hubadilika umbo tu. Sawa. Basi joto la kuni zote hizo limekwenda wapi? Jirani anasema nifunge matundu ya hewa ya juu ili lisitoke. Mwingine anasema niongeze unene wa ukuta. Fedha ipo ya kazi moja, labda mbili, kabla ya mikupuo ya Januari. Nianzie wapi?

Mwalimu_Fizikia

Mkuu, umeleta namba zinazotosha kufanya mizania, na kanuni ya uhifadhi wa nishati ni mizania tu: kilichoingia lazima kionekane kimetokea wapi. Nitakayoandika ni makadirio, mwenye vipimo aongeze.

Mapato kwanza. Kuni kavu kabisa, ziwe za mtundu au mkaratusi, zina karibu megajuli (MJ) 18.5 kwa kilo. Miti hutofautiana sana kwa uzito wa ujazo kuliko kwa joto la kila kilo, ndiyo maana kuhesabu kwa trela kunadanganya. Kuni za miezi miwili nazichukulia zina maji asilimia 30 ya uzito. Kwenye kilo moja una gramu 700 za kuni halisi, yaani MJ 12.95, toa MJ 0.73 za kuvukiza maji ya kuni zenyewe, unabaki na MJ 12.2. Zidisha kwa 3,400: kama MJ 41,500.

Matumizi sasa. Majani yametoa maji kilo 2,000. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kwenye nyuzi 40 hadi 50 kunadai MJ 2.4. Hili ndilo joto fiche, lile alilolipima mwanasayansi Joseph Black kule Scotland miaka ya 1760: unaliingiza na kipimajoto hakisogei, kwa sababu linafanya kazi ya kutenganisha maji, halipandishi joto lake. Hapo ni MJ 4,800. Kuyapasha majani yenyewe ni kama MJ 200 tu.

Kuta zako zina mita za mraba 85 hivi. Kwa tofali la sentimita 22, kila mita ya mraba inapitisha wati 2 na kidogo kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Wastani wa ndani nyuzi 50, nje 23 mchana na usiku kwa pamoja: kuta zinatoa karibu kilowati 4.8 bila kupumzika, MJ 2,700 kwa mkupuo. Bati nalo lina mita za mraba 24 tu lakini halizuii chochote, linapitisha karibu wati 6. Hapo ni MJ 2,200. Tazama hilo vizuri: paa lenye eneo la robo ya kuta linatoa karibu sawa na kuta zote nne.

Matofali yenyewe, tani 32 hivi, yanameza kama MJ 600 kupashwa. Hizo unaziokoa kwa kuingiza mkupuo unaofuata siku hiyohiyo, kabla bani halijapoa. Na hewa ya lazima inayobeba mvuke kwenda nje huondoka na joto lake, MJ 2,100 hivi ikiwa matundu yanaendeshwa vizuri.

Jumla: 4,800 + 200 + 2,700 + 2,200 + 600 + 2,100 = MJ 12,600. Zimebaki MJ 28,900, karibu asilimia 70 ya kuni. Hizo ndizo unazotafuta. Zimepitia bomba la moshi kama gesi ya moto, zimetoka kama moshi ambao haukuwaka, zimepasha uwanja kupitia kuta za tanuru lililo nje, na sehemu imevuja mlangoni na kwenye nyufa.

Kwa hiyo unene wa ukuta uweke kando. Ukiufanya mara mbili unaokoa kama MJ 1,100, kwa gharama ya bani zima la pili la matofali, na unakuwa na tani 32 nyingine za kupasha. Anza na tanuru na bomba. La pili ni dari.

Angalia pia jinsi vitu viwili hivyo vinavyozidishana. Sasa hivi ni asilimia 30 tu ya joto la kuni inayoingia ndani ya bani. Maana yake kila MJ 1 unayozuia kwenye paa inakuokolea MJ 3.3 za kuni. Dari ikiokoa MJ 2,000, ni kilo 540 za kuni kwa mkupuo. Tanuru likipanda kutoka asilimia 30 hadi 50, kuni zinashuka mpaka kilo 2,070 hivi. Vyote viwili pamoja: kilo 1,740, yaani kilo 4.3 za kuni kwa kilo ya tumbaku badala ya 8.5.

Na kama unapenda utata kidogo: tumbaku ikishapoa kwenye ghala, hakuna hata megajuli moja ya zile kuni iliyobaki ndani yake. Zote 41,500 zimeishia kwenye hewa ya Urambo. Hata zile 4,800 za mvuke hurudishwa huko juu mvuke unapogeuka tena kuwa matone. Ulichonunua kwa kuni ni maji kuondoka, basi.

FundiTanuru

Mwalimu kamaliza hesabu, mimi niseme chuma na udongo.

Bani la aina hiyo kosa lake la kwanza ni mdomo wa tanuru. Magogo marefu yanachomoza nje, mlango hauna kifuniko, hewa inaingia kwa wingi usio na kazi. Kilo moja ya kuni kavu inahitaji hewa kilo 6 hivi ili iungue yote. Ongeza mara mbili kwa sababu tanuru si maabara, iwe 12. Mdomo ulio wazi unavuta 18 na zaidi. Ile ya ziada inaingia na nyuzi 25 na kutoka juu ya bomba na nyuzi 400, haijachoma kitu, imebeba joto tu.

Dawa: kata kuni zisizidi sentimita 60 ili mlango ufunge. Mlango uwe wa bati nene la milimita 3. Chini yake acha tundu la hewa la sentimita 15 kwa 15 lenye kibati cha kusogeza. Kuni zikae juu ya nondo za milimita 16, zilizopangwa kwa nafasi ya sentimita moja na nusu, sentimita 20 juu ya sakafu ya majivu. Hewa ipite chini ya moto, ipande katikati ya makaa. Kuni zikilala chini kwenye majivu, upande wa chini unatoa moshi bila kuwaka, na moshi ni kuni uliyoilipia inayokwenda zake. Majivu yaondolewe kila siku, yakigusa nondo zinapinda.

La pili, bomba. Mita 5 ni fupi. Gesi inapita haraka, haina muda wa kuachia joto. Chukua kipimajoto cha mshale kinachofika nyuzi 500, toboa bomba la moshi pale linapotoka ukutani, tumbukiza. Ukisoma 350 au 400 umeshapata jibu la swali lako. Lengo ni 150 hadi 200. Usishuke chini ya 120: moshi unaganda kuwa lami ndani ya bomba, mvuto unakufa, na lami hiyo siku moja inashika moto.

Kulifikia lengo, zungusha bomba: litoke tanuruni, lifuate ukuta mmoja, likate kona mwishoni, lirudi upande wa pili, bomba la moshi likae ukuta uleule wa tanuru. Unapata mita 13 hivi badala ya 5. Lipande sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, lisiwe na bonde popote. Mita 2 za kwanza ziwe za chuma cha milimita 3 au tofali, hapo bati jembamba linatoboka ndani ya msimu. Zilizobaki milimita 1.5 inatosha. Bomba la moshi lipite kilele cha paa kwa mita 1 angalau. Sisi huku tupo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mvuto wa bomba ni mdogo kuliko wa pwani, usilifupishe.

Weka kibati cha kugeuza ndani ya bomba la moshi, ila kitobolewe kisiweze kuziba kabisa. Kikizibwa moto ukiwa bado una makaa, gesi yenye sumu inarudi ndani ya bani, na kuna mtu ataingia kuangalia majani.

Tanuru lenyewe lingekuwa ndani, mlango tu ndio utokeze nje. Kuta zake zinaachia joto kwa mnunurisho, kama jua linavyotupasha kwa mbali, pande zote, afadhali zilipashe bani. Kama huwezi kulihamisha msimu huu, livike sentimita 15 za udongo wa kichuguu uliokandwa na majani makavu.

Wavu wa waya juu ya bomba lote, tafadhali. Jani moja likidondoka juu ya chuma cha moto, hesabu za mwalimu zote zinakwisha kwa robo saa. Fito za kutundikia majani, zile za chini kabisa, zikae mita 2 juu ya bomba.

Sikonge_Kijani

Mnasahau kuni mbichi. Hapo ndipo nusu ya joto inapoishia. Kilo ya kuni mbichi yenye nusu maji ina MJ 8 tu, iliyokauka vizuri ina 14. Akaushe kuni, asiguse kitu kingine.

Mwalimu_Fizikia

Ndugu yangu, hizo namba mbili ni za kweli lakini zinapotosha zikiwekwa hivyo. Kilo zinazolinganishwa si za kuni zilezile. Chukua rundo moja la kilo 1,000, nusu yake maji: lina MJ 8,030. Liache likauke mpaka maji yawe asilimia 20. Sasa lina uzito wa kilo 625, na MJ 8,945. Rundo ni lilelile, umeongeza asilimia 11 tu. Kuni haikuumba joto kwa kukaa juani, imepunguza mzigo wa maji ya kuvukizwa.

Hasara kubwa ya kuni mbichi iko pengine: moto unakuwa wa baridi, moshi hauwaki, mkulima anafungua mlango ili moto ushike, hewa ya ziada inaingia, na tumesharudi kwa fundi. Kwa hiyo akaushe, naam: zipasuliwe zisizidi unene wa kifundo cha mkono, zipangwe juu ya mawe, zifunikwe juu tu na pembeni zipitishe upepo, zikatwe baada ya masika kwa ajili ya msimu wa Januari. Ila asitegemee nusu.

Ugani_Kaliua

Naomba nimzuie mkulima kabla hajamsikiliza jirani yake kuhusu matundu.

Maji hutoka kwenye jani pale tu hewa inayolizunguka ina nafasi ya kuyapokea. Ukifunga matundu, hewa inashiba mvuke, uvukizaji unasimama. Mpaka hapo jani lilikuwa linajipoza kwa kuvukiza; sasa linapanda joto mpaka lilingane na hewa, seli zinakufa na maji yakiwa bado ndani, na jani la njano linageuka kahawia kwa saa chache. Umeokoa joto na umeharibu daraja. Mnunuzi hatauliza umetumia kuni ngapi.

Tumia vipimajoto viwili, kikavu na kingine chenye kitambaa kilicholoweshwa maji safi, uvitundike kwenye kimo cha majani ya chini, mbali na bomba. Hatua ya kugeuza rangi: kikavu nyuzi 35 hadi 38, chenye kitambaa nyuzi 2 au 3 chini yake, matundu karibu yamefungwa. Hapa maji yanayotoka ni machache na moto uwe mdogo. Hatua ya kukausha jani: pandisha nyuzi 1 kwa saa mpaka 50, baadaye 55, na kile chenye kitambaa kisivuke 40. Kikikaribia hapo, fungua matundu ya juu na ya chini, usipunguze moto. Siku mbili hivi za hatua hii ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya zile kilo 2,000, kwa hiyo ni halali kuni ziliwe.

Ushauri wa jirani unafaa mwishoni. Jani likishakauka na umebakiwa na uti wa kati, mvuke ni mdogo, na matundu yaliyo wazi yanatoa hewa ya nyuzi 70 bure. Funga kidogokidogo, acha kama sentimita 2, na usivuke nyuzi 74. Wengi hapa hufanya kinyume: wanabana siku ya tatu kwa kuogopa kuni, na wanasahau matundu wazi siku ya sita.

Kitambaa kikikauka vipimajoto vinasoma sawa, na mtu anadhani hewa imeshiba. Angalia kikombe cha maji kila unapoongeza kuni.

Igunga_Sola

Wakuu, na feni ya sola ya kuzungusha hewa ndani? Wati 300 hivi.

Mwalimu_Fizikia

Joto litasambaa vizuri zaidi, maana sasa linategemea myuko wa hewa peke yake: ya moto inapanda, fito za juu zinawahi, za chini zinachelewa. Lakini wati 300 mchana na usiku ni kilowati-saa 7.2 kwa siku. Januari kuna mawingu. Ukipata saa 4 za jua kamili, na betri na waya zikila asilimia 30, unahitaji paneli za kilowati 2.5 na betri ya kubeba usiku mzima. Kwa bani moja, acha kwanza.

Umeme wa feni nao unaishia kuwa joto humo ndani: mwendo wa hewa unasuguana na majani na kuta mpaka unatulia. MJ 26 kwa siku, sawa na kilo 2 za kuni. Umezungusha hewa na umechochea moto kwa pamoja, ila kiasi chenyewe ni cha kucheka.

Mkulima_Urambo

Ahsanteni sana. Nimeelewa: mlango wa tanuru, nondo na bomba la kuzunguka kwanza, dari ikifuata. Maswali mawili. Dari niifanye kwa kitu gani ambacho si cha dukani? Na viungio vya bomba refu hivyo nitajuaje havivuji moshi kwenye tumbaku?

FundiTanuru

Dari: fito za miti, juu yake mkeka wa matete au mianzi, juu ya mkeka nailoni nzito, halafu sentimita 2 za udongo mwembamba, ukikauka mwaga pumba za mpunga sentimita 8, na umalizie na udongo tena sentimita 2. Pumba ndizo zinazozuia joto, kwa hewa iliyonaswa ndani yake. Nailoni ni kwa ajili ya mvuke. Bila hiyo pumba zinaloa, na pumba zilizoloa zinapitisha joto. Udongo wa pande zote mbili ni kwa ajili ya moto. Usiache pumba wazi, zikishika cheche zinaungua ndani kwa ndani bila mwali na hutajua. Bomba la moshi lisiguse dari popote. Matundu ya juu yapite katikati ya dari kwenye kisanduku cha mbao chenye mfuniko wa kuvuta kwa kamba ukiwa chini.

Viungio: kabla hujapandisha fito, washa moto mdogo wa majani mabichi, bana kibati cha bomba la moshi, mtu asimame mlangoni na tochi akiangalia, asikae ndani. Moshi utaonekana unapotokea. Usipake saruji hapo. Upande mmoja wa mita 5 ukipanda nyuzi 250 unarefuka milimita 15, saruji inapasuka mkupuo wa kwanza. Kila kipande kiingie ndani ya kinachofuata kwa sentimita 10, kikielekea upande gesi inakokwenda, kisha ziba kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, sehemu tatu kwa moja. Pale bomba linapopita ukutani acha nafasi ya sentimita 2 kuzunguka, ujaze udongo huohuo ukiwa laini, ili chuma kiteleze bila kusukuma tofali.